Ngome na majumba ya Montefeltro

Ngome na majumba ya Montefeltro ni kundi la majengo ya karne ya 15 na 16 yaliyoko katika nchi ya vilima ya Italia ya kati, kati ya milima ya Apenini na pwani ya bahari ya Adria. Mengi yalijengwa au kujengwa upya wakati wa utawala wa Federico da Montefeltro (1422-1482), bwana na baadaye mtemi (kwa Kiitalia: duca) wa mji wa Urbino, pamoja na warithi wake.

Jengo maarufu kuliko yote ni Jumba la Kitemi la Urbino (kwa Kiitalia: Palazzo Ducale), ambalo huhesabiwa kati ya kazi bora za usanifu wa Zama za Mwamko. Mji wa kale wa Urbino uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1998. Mengine yanayotembelewa sana ni ngome za San Leo, Sassocorvaro, Mondavio na Gradara, mnara wa Cagli, na majumba ya Gubbio na Urbania.

Jina na mahali

Montefeltro ni jina la eneo la kihistoria, si la mkoa wa leo. Linatokana na jina la Kilatini Mons Feretrus, lililokuwa jina la jabali ambalo juu yake umejengwa mji wa San Leo. Ukoo wa Montefeltro ulichukua jina lake hapo, kisha ukahamishia makao yake Urbino.

Leo eneo hilo limegawanyika. Sehemu kubwa, pamoja na Urbino, iko katika mkoa wa Marche. San Leo na manispaa nyingine sita za bonde la juu la mto Marecchia zilihamishwa kutoka Marche kwenda mkoa wa Emilia-Romagna mwaka 2009, baada ya wananchi kupiga kura. Jamhuri ndogo ya San Marino imepakana na eneo hilo. Gubbio, uliokuwa mji wa pili wa watawala wa Urbino, uko katika mkoa wa Umbria.

Nchi yenyewe ni ya vilima vilivyobanana, mabonde membamba na majabali yanayochomoza ghafla. Ardhi haina rutuba nyingi, wala hakuna bandari kubwa. Jambo hilo ni muhimu katika kuelewa historia ya majengo haya: utajiri uliyoyajenga haukutoka shambani wala baharini. Ulitoka vitani.

Historia

Watawala waliouza vita

Katika karne ya 15 Italia haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika dola kadhaa, zenye nguvu zaidi zikiwa Milano, Venezia, Firenze, Napoli na Dola la Papa. Dola hizo mara nyingi hazikuwa na majeshi ya kudumu ya kutosha, hivyo ziliajiri mamluki chini ya viongozi walioitwa kwa Kiitalia condottieri. Kiongozi wa namna hiyo alitia sahihi mkataba ulioeleza idadi ya askari atakaoleta, muda wa utumishi na malipo. Mara nyingine alilipwa hata wakati wa amani ili asiajiriwe na adui.

Mabwana wa nchi maskini ya vilima walikuwa na kitu kimoja cha kuuza: watu waliozoea ugumu na silaha. Federico da Montefeltro alikuwa hodari kuliko wote katika biashara hiyo. Alipigana kwa niaba ya Napoli, Milano, Firenze na Papa kwa nyakati tofauti. Fedha za mikataba zilimwezesha kujenga bila kuwatoza raia wake kodi nzito, na hiyo ni sababu mojawapo ya utawala wake kudumu miaka 38 bila kupinduliwa.

Federico da Montefeltro

Federico alizaliwa tarehe 7 Juni 1422 huko Gubbio, akiwa mtoto wa nje ya ndoa wa Guidantonio da Montefeltro. Alipokuwa kijana alisoma Mantova katika shule ya Vittorino da Feltre, mwalimu aliyefundisha Kilatini, hisabati, muziki na mazoezi ya mwili kwa pamoja, na aliyepokea watoto wa maskini pamoja na wa mabwana. Elimu hiyo ilionekana katika maisha yake yote.

Mwaka 1444 mdogo wake wa baba mmoja, Oddantonio, aliyekuwa amerithi utawala, aliuawa katika njama ndani ya mji. Federico akaitwa kushika nafasi yake. Mwaka 1450 alipoteza jicho la kulia katika mashindano ya kupigana kwa mikuki juu ya farasi. Ndiyo sababu picha zake zote maarufu zinamwonyesha upande wa kushoto wa uso. Iliyo maarufu zaidi ilichorwa na Piero della Francesca, ikiwa pacha na picha ya mke wake Battista Sforza. Battista alifariki mwaka 1472 akiwa na umri wa miaka 26 tu, miezi michache baada ya kumzaa mwana wao pekee wa kiume, Guidobaldo.

Mwaka 1474 Papa Sixtus IV alimpa Federico cheo cha mtemi. Alifariki tarehe 10 Septemba 1482 huko Ferrara, akiwa bado katika utumishi wa vita.

Sifa yake ina pande mbili. Waandishi wa wakati wake walimsifu kwa uaminifu, elimu na upole kwa raia. Lakini mwaka uleule wa 1472 alioufiwa na mke wake, aliongoza jeshi lililouzingira mji wa Volterra kwa niaba ya Firenze. Mji ulipojisalimisha, askari waliupora vibaya. Biblia ya Kiebrania iliyotoka huko iliingia katika maktaba ya Urbino na hadi leo imo katika mkusanyo huo. Tena, barua yake ya siri, ambayo maandishi yake ya mafumbo yalifumbuliwa mwanzoni mwa karne ya 21, imeonyesha kwamba alishiriki katika njama ya mwaka 1478 dhidi ya Lorenzo de' Medici wa Firenze, ambamo ndugu yake Lorenzo aliuawa kanisani.

Mizinga na mabadiliko ya ngome

Ngome za Italia za karne zilizotangulia zilikuwa na kuta ndefu, nyembamba na zilizosimama wima. Lengo lilikuwa kumzuia adui mwenye ngazi. Mizinga ya baruti ilibadilisha hali hiyo: ukuta mrefu ukawa shabaha rahisi, na ukipigwa chini huporomoka wote.

Msanifu aliyeshughulikia tatizo hilo huko Urbino ni Francesco di Giorgio Martini (1439-1501) kutoka Siena, aliyekuwa pia mchoraji, mchongaji na mhandisi. Alifika Urbino miaka ya 1470. Katika maandishi yake alieleza kwamba Federico alimkabidhi majengo 136 ya kushughulikia kwa wakati mmoja.

Ngome zake zinatambulikana kwa alama chache. Kuta ni fupi zaidi na nene zaidi. Sehemu ya chini inainama kuelekea nje ili risasi ya mzinga iteleze badala ya kupiga ana kwa ana. Minara ni ya mviringo au yenye pembe nyingi, kwa sababu uso wa mviringo hugawanya nguvu ya pigo. Matundu ya mizinga yamepangwa ili kila mnara uweze kulinda miguu ya mnara wa jirani. Haikuchukua muda mrefu mtindo huo nao ukapitwa na ngome zenye mabasitioni ya pembe kali, lakini majengo ya Montefeltro yanaonyesha wazi hatua ya katikati. Kwa hiyo yanafaa sana kwa mwanafunzi wa historia anayetaka kuona kwa macho jinsi silaha moja ilivyobadilisha umbo la majengo.

Kutoka Borgia hadi Papa

Guidobaldo, mwana wa Federico, alikuwa mtu mwenye elimu lakini mgonjwa. Mwezi Juni 1502 Cesare Borgia, mwana wa Papa Alexander VI, alivamia utemi kwa ghafla na kumlazimisha kukimbia. Alirudi moja kwa moja mwaka 1503, baada ya kifo cha Papa huyo. Ikulu yake na ya mke wake Elisabetta Gonzaga ndiyo mandhari ya kitabu Il Cortegiano cha Baldassare Castiglione, kilichochapishwa mwaka 1528 na kusomwa kote Ulaya kama mwongozo wa adabu za ikuluni.

Guidobaldo hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1508 utawala ulipita kwa mpwa wake Francesco Maria della Rovere. Ukoo wa della Rovere ulitawala hadi mwaka 1631, alipofariki mtemi wa mwisho, Francesco Maria II, bila mrithi wa kiume. Tangu hapo nchi ikawa sehemu ya Dola la Papa hadi ilipounganishwa na Italia mwaka 1860.

Majengo

Jumba la Kitemi la Urbino

Urbino uko juu ya vilima viwili, takriban mita 480 kutoka usawa wa bahari. Kazi ya kujenga jumba ilianza miaka ya 1450. Mwaka 1468 Federico alimkabidhi usimamizi Luciano Laurana, msanifu mzaliwa wa Dalmatia, ng'ambo ya bahari ya Adria. Laurana aliondoka mwaka 1472, na baadaye kazi ikaendelezwa na Francesco di Giorgio Martini.

Tofauti na ngome, jumba hili halikujengwa kujificha. Upande wa magharibi, unaoelekea bonde na barabara, kuna minara miwili myembamba ya mviringo, na katikati yake vibaraza vimepangwa kimoja juu ya kingine. Minara hiyo haikukusudiwa kupigana. Iliwekwa ili msafiri aione kutoka mbali. Upande wa mjini jumba linatazama uwanja wa wazi. Chini ya ukuta huo kulikuwa na benchi la mawe la wananchi kukalia, na kwenye egemeo lake ziliwekwa nakshi 72 za mawe zinazoonyesha mashine za vita na za ujenzi. Nakshi hizo zimehamishiwa ndani ili kuzilinda na hali ya hewa.

Ua wa ndani wa Laurana umezungukwa na matao yaliyobebwa na nguzo nyepesi. Uzuri wake uko katika vipimo kuliko mapambo. Juu ya matao kuna maandishi ya Kilatini yanayomtaja Federico na vyeo vyake.

Chumba kinachovuta wageni wengi ni kidogo sana: chumba cha kusomea cha mtemi (kwa Kiitalia: studiolo), chenye upana wa mita tatu na nusu hivi. Sehemu ya chini ya kuta zake imefunikwa kwa picha zilizoundwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Mtazamaji anadhani anaona makabati yaliyoachwa wazi nusu, vitabu, ala za muziki, deraya, kikapu cha matunda na mnyama kuchakuro, kumbe ukuta ni bapa kabisa. Juu yake zilipangwa picha 28 za watu mashuhuri wa kale na wa wakati ule, kazi ya Justus wa Gent na Pedro Berruguete. Katika dari umeandikwa mwaka 1476. Ghorofa ya chini yake kuna vyumba viwili vidogo vilivyo bega kwa bega, kimoja kikanisa cha Kikristo na kingine cha miungu ya kike ya sanaa ya Wagiriki wa kale.

Wageni wasiache kushuka chini ya jumba. Huko kuna majiko, mazizi ya farasi, vyumba vya kuogea na vya kufulia, na shimo la theluji. Theluji ya majira ya baridi ilimwagwa ndani ya shimo hilo na kushindiliwa, ikabaki ikihifadhi vyakula hadi wakati wa joto. Maji ya mvua yalikusanywa katika birika. Vyumba hivyo vinaonyesha kazi ya watumishi ambao majina yao hayakuandikwa juu ya matao.

Tangu mwaka 1912 jumba lina makumbusho ya taifa (Galleria Nazionale delle Marche). Kati ya kazi zake ni Kupigwa Mijeledi kwa Kristo na Madonna wa Senigallia za Piero della Francesca, picha ya mbao ya mji bora ambayo mchoraji wake anabishaniwa, na picha ya mwanamke iitwayo La Muta ya Raffaello. Raffaello alizaliwa Urbino mwaka 1483, na nyumba ya wazazi wake iko umbali mfupi kwa miguu.

Jumba la Gubbio

Federico alijenga jumba dogo zaidi katika mji aliozaliwa, juu kwenye mteremko wa mlima, mkabala na kanisa kuu. Kazi hiyo huhusishwa na Francesco di Giorgio Martini. Lilikuwa nalo na chumba cha kusomea chenye picha za mbao, lakini ziliuzwa mwaka 1874, na tangu mwaka 1939 ziko katika makumbusho ya Metropolitan huko New York, Marekani. Mafundi wa Gubbio wametengeneza nakala iliyowekwa mahali pa asili.

Jumba la Urbania

Mji huu uliitwa Casteldurante hadi mwaka 1636, ulipopewa jina jipya kwa heshima ya Papa Urbano VIII. Ulikuwa maarufu kwa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi na kung'arishwa. Jumba lake liko ukingoni mwa mto Metauro. Mtemi wa mwisho aliishi hapo miaka mingi na kufia hapo mwaka 1631.

Ngome ya San Leo

San Leo uko juu ya jabali linaloinuka karibu wima pande zote, na barabara ya kuingia ni moja tu, iliyochongwa katika mwamba. Ngome iko kwenye ncha ya juu kabisa. Mwaka 1441 askari wa Federico, akiwa bado kijana, waliiteka kwa kupanda mwamba usiku. Baadaye Francesco di Giorgio Martini aliiimarisha kwa kuta mpya na minara miwili mikubwa ya mviringo.

Mwaka 1502 ngome ilikuwa mikononi mwa watu wa Borgia waliokuwa wakiikarabati. Wafuasi wa Guidobaldo walisubiri hadi magogo ya ujenzi yalipokuwa juu ya daraja la kuinuliwa, daraja likashindwa kuinuka, wakaingia na kuiteka. Kisa hicho kinaonyesha kwamba ngome ngumu huangushwa kwa hila kuliko kwa mizinga.

Chini ya mapapa ngome iligeuzwa gereza. Mfungwa wake maarufu ni Giuseppe Balsamo, aliyejiita Cagliostro, aliyeletwa mwaka 1791 na kufia humo tarehe 26 Agosti 1795. Alifungwa katika chumba ambacho mlango wake wa pekee ulikuwa tundu la darini. Gereza lilifungwa mwaka 1906. Hatari ya leo ni jabali lenyewe: tarehe 27 Februari 2014 sehemu kubwa ya upande wake mmoja iliporomoka.

Ngome ya Sassocorvaro

Ngome hii ilijengwa na Francesco di Giorgio Martini kwa ajili ya Ottaviano Ubaldini, mshauri wa karibu wa Federico. Haina kona kali. Kuta zake zimepinda kila upande, na ikitazamwa kutoka juu watu huifananisha na kobe. Umuhimu wake mkubwa ulikuja karibu miaka 500 baadaye (tazama hapa chini).

Cagli, Mondavio na Gradara

Cagli ulikuwa na ngome juu ya kilima na mnara mkubwa karibu na mji, vikiunganishwa na njia ya chini kwa chini yenye ngazi zaidi ya 360. Mwaka 1502 Guidobaldo aliamuru ngome ibomolewe ili isimfae Borgia. Mnara na njia yake vimebaki.

Ngome ya Mondavio ilijengwa kati ya miaka 1482 na 1492 kwa ajili ya Giovanni della Rovere, mkwe wa Federico. Mnara wake mkuu una pembe nyingi na unainama kama uliosokotwa. Kwa kuwa haikuzingirwa kamwe, imehifadhiwa vizuri kuliko nyingi.

Gradara, karibu na bahari, ilikuwa ya ukoo wa Malatesta wa Rimini, mahasimu wakubwa wa Montefeltro. Federico aliiteka mwaka 1463 na ikapewa ukoo wa Sforza wa Pesaro. Ni ngome ya mtindo wa zamani, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuilinganisha na zile za Francesco di Giorgio Martini. Mapokeo yanaihusisha na mapenzi ya Paolo na Francesca. Sehemu kubwa ya mwonekano wake wa leo ni matokeo ya ukarabati wa karne ya 20.

Mali iliyotawanyika

Mgeni anayeingia Urbino hukuta vyumba vingi vikiwa karibu vitupu. Sababu ni historia ya baada ya mwaka 1631. Vittoria della Rovere, mjukuu wa mtemi wa mwisho, aliolewa na Ferdinando II de' Medici, na picha nyingi zikaenda Firenze kama urithi wake. Miongoni mwake ni Venus wa Urbino ya Tiziano na picha pacha za Federico na Battista, ambazo sasa ziko katika makumbusho ya Uffizi.

Maktaba ya Federico, iliyokuwa na takriban vitabu 900 vya kuandikwa kwa mkono kwa Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na lugha nyingine, ilihamishiwa Vatikani mwaka 1657 kwa amri ya Papa Alexander VII. Kati ya picha 28 za chumba cha kusomea, 14 zimo Urbino na 14 ziko katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Tarehe 6 Februari 1975 wezi waliingia jumbani usiku na kuiba picha tatu: mbili za Piero della Francesca na La Muta ya Raffaello. Zilipatikana mwaka 1976 huko Locarno, Uswisi.

Kimbilio wakati wa Vita Kuu ya Pili

Vita vilipokaribia Italia, Pasquale Rotondi, msimamizi kijana wa kazi za sanaa za Marche aliyeishi Urbino, alipewa jukumu la kuzificha. Alichagua ngome ya Sassocorvaro kwa sababu mji ulikuwa mdogo, haukuwa na kiwanda wala njia ya reli ya kuvutia ndege za mabomu, na kuta zilikuwa nene. Nafasi ilipojaa, alitumia pia jumba la Carpegna. Zilikusanywa takriban kazi 10,000, zikiwemo za Venezia, Milano na Roma, pamoja na picha za Urbino zenyewe.

Septemba 1943 Italia iliachana na Ujerumani, na jeshi la Wajerumani likashika eneo hilo. Wanajeshi walipofika Carpegna walifungua sanduku, wakakuta hati za muziki wa Rossini, wakadhani yote ni makaratasi tu. Rotondi alichukua baadhi ya picha za thamani zaidi, zikiwemo Tufani ya Giorgione, akazipeleka Urbino kwa gari lake na kuzificha chumbani mwake mwa kulala. Baadaye sehemu ya kazi hizo ilipelekwa Vatikani. Hazikupotea vitani. Kwa muda mrefu Rotondi hakuzungumzia sana jambo hilo, na wananchi walilijua baada ya miaka mingi.

Kutembelea

Urbino hauna usafiri wa treni; reli ya Fano hadi Urbino ilisitisha huduma mwaka 1987. Wageni wengi hufika Pesaro kwa treni, kisha hupanda basi kwa umbali wa kilomita 35 hivi. Mgeni anaweza kupanda mjini kwa njia ya mzunguko iliyojengwa na Francesco di Giorgio Martini ndani ya mnara mkubwa, ambayo zamani wapanda farasi waliitumia bila kushuka.

Kwa San Leo, Sassocorvaro na Mondavio mabasi ni machache, na wengi hutumia gari. Umbali kwenye ramani unadanganya, kwa sababu barabara hupinda sana. Ni vizuri kutembelea majengo mawili tu kwa siku. Mitaa ni ya mawe na miteremko mikali, hivyo viatu imara vinahitajika. Majira ya kuchipua na ya mapukutiko huwa na hali ya hewa nzuri zaidi, kwani wakati wa baridi theluji huanguka.

Makumbusho ya serikali ya Italia, likiwemo jumba la Urbino, hayatozi kiingilio kwa wenye umri chini ya miaka 18 wa nchi yoyote, na huwa bure kwa wote Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ngome za manispaa zina taratibu zake, na nyingi hupunguza saa wakati wa baridi.

Mfuatano mzuri kwa mwanafunzi ni kuanza na Gradara, kisha San Leo, Sassocorvaro na Mondavio, na kumalizia Urbino. Hivyo ataona ukuta wa wima, ukuta uliopinda kwa hofu ya mizinga, na mwishowe jumba lisilohitaji ukuta.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Elimu ya ujenzi wa ngome iliyokuzwa na Waitalia ilifika hadi pwani ya Waswahili. Boma la Yesu (Fort Jesus) mjini Mombasa, Kenya, lilijengwa na Wareno kati ya miaka 1593 na 1596 kufuatana na ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu Mwitalia kutoka Milano. Ni jengo la karne moja baada ya Francesco di Giorgio Martini, nalo lina mabasitioni ya pembe yaliyochukua nafasi ya minara ya mviringo. Lakini wazo moja ni lilelile: ramani ya boma la Mombasa hufananishwa na mwili wa mtu mwenye kichwa, mikono na miguu, na Francesco di Giorgio Martini naye alichora katika kitabu chake mji wenye ngome ukiwa na umbo la mwili wa mtu, ngome ikiwa kichwani. Boma la Yesu liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Msomaji wa Afrika Mashariki asiyeweza kufika Montefeltro anaweza kuanzia hapo.